Programu za uigaji katika mafunzo ya maafa: tunavyozitumia Kigoma

Mtu anayefundisha menejimenti ya maafa ana tatizo ambalo fundi seremala anayefundisha vijana wake hana: hawezi kumpa mwanafunzi kitu chenyewe akishike, akikosee, kisha akirudie. Maafa hayaletwi darasani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi ya kijiji, na wajumbe wa kamati hizo ni watu wenye kazi zao nyingine za kila siku: mtendaji wa kata, mganga, askari polisi, mwalimu, ofisa mifugo. Wengi wao watakutana na tukio kubwa mara moja au mbili katika utumishi wao wote, na siku hiyo watatakiwa kutenda kama watu waliozoea.

Kwa muda mrefu njia yetu kuu mkoani hapa imekuwa zoezi la mezani. Mwezeshaji husoma karatasi isemayo kwamba boti imezama au mto umefurika, kisha wajumbe huzunguka meza wakieleza kila mmoja angefanya nini. Njia hiyo ina manufaa yake, hasa katika kuwafahamisha watu majukumu yao na kuwafanya wajuane kwa sura, lakini ina kasoro moja ambayo haiponyeki kwa kuongeza karatasi: mezani saa haiendi, wala kitu hakipungui. Mjumbe akisema “tutatuma boti ya uokoaji”, boti inakwenda palepale, bila mafuta, bila nahodha kutafutwa, bila giza kuingia. Mganga akisema “tutawapa wagonjwa dripu”, hakuna anayezihesabu chupa. Kila uamuzi unapita kwa sababu hakuna kitu kinachoukataa.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya programu za uigaji, yaani programu za kompyuta zinazoigiza tukio hatua kwa hatua. Kazi yake ya kwanza ni kutunza hesabu na saa bila kumwonea mtu haya, jambo ambalo mwezeshaji wa kibinadamu hulipata kwa shida mbele ya Mkuu wa Wilaya.

Mfano ninaoutumia zaidi ni wa Kagunga, kwa sababu watu wa Kigoma wanaukumbuka na baadhi ya wajumbe walikuwapo. Mwezi Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walimiminika katika kijiji hicho kilichoko kaskazini kabisa mwa upande wetu wa ziwa, mahali ambapo milima inateremka hadi karibu na maji na kuacha kipande chembamba cha ufukwe. Gari halikuweza kufika, na aliyetaka kutoka alipaswa kupanda mlima kwa miguu au kupita majini. MV Liemba, meli ambayo Wajerumani waliiunganisha hapahapa Kigoma mwaka 1915 na ambayo hakuna mgeni asiyesimuliwa habari zake, ilitia nanga mbali na ufukwe kwa kuwa hapakuwa na gati, na watu wakapelekwa kwake kwa boti ndogo. Kutoka Kagunga walishushwa mjini, wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakasafirishwa kwenda kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kipindupindu kikazuka katikati ya msafara huo, kikawapata watu zaidi ya 3,000, na takriban 30 wakafariki.

Tukio hilo tumelijenga upya katika NetLogo, programu ya bure iliyoanzishwa na Uri Wilensky mwaka 1999, ambamo kila mtu, kila boti na kila meli huwekewa kanuni chache za mwenendo, kisha vyote vikaachwa vitende kwa pamoja ili mtazamaji aone kinachotokea. Tuliweka ufukwe wenye watu 30,000, meli inayobeba 600 kwa safari, boti chache za kuwafikisha kwenye meli, na wageni wapya wanaoendelea kuwasili. Hesabu ya kuwahamisha wote ni ya kugawanya tu, nayo inatoa safari 50. Hata hivyo, hesabu hiyo ikiandikwa ubaoni haimsumbui mtu. Ikiwa kwenye skrini, huku mjumbe akiona kwamba siku nzima imekwisha na foleni haijapungua kwa sababu wanaowasili ni wengi kuliko wanaoondoka, anaanza kuuliza maswali ambayo hakuyauliza mezani: je, boti za wavuvi wa Mwamgongo zinaweza kukodiwa, nani atalipa mafuta, na nani atazuia zisijaze kupita kiasi.

Upande wa afya ndio uliotufundisha zaidi. Kwa mujibu wa taratibu za tiba zinazotumika duniani, mtu mzima aliyeishiwa maji kabisa kwa kipindupindu huhitaji mililita 100 za maji ya mshipani kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa tatu, yaani lita sita kwa mtu wa kilo 60. Wagonjwa mahututi 100 ni lita 600, au chupa 1,200 za nusu lita, na hao ni wa mzunguko mmoja tu. Programu huzitoa chupa hizo stoo kadiri zinavyotumika. Kwa viwango vya kibinadamu vya Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya dharura, kila mtu anahitaji angalau lita 15 za maji kwa siku, na mwanzoni mwa dharura choo kimoja kwa watu 50, kwa hiyo ufukwe wetu wa watu 30,000 unadai lita 450,000 kila siku na vyoo 600 mahali ambapo hata nafasi ya kuvichimba ni ya kubishaniwa.

Katika awamu moja kamati iliamua kuweka hema la matibabu na tangi la maji jirani na sehemu ya kupandia boti, ili huduma zote ziwe pamoja, na kwa kweli mezani uamuzi huo ungepigiwa makofi. Kwenye skrini foleni tatu zilikutana, wagonjwa wakachanganyika na wasafiri, na kwa kuwa dalili za kipindupindu huweza kuchukua kuanzia saa chache hadi siku tano kuonekana, watu waliopanda meli wakiwa wazima walianza kuugua uwanjani mjini, na wengine tayari wakiwa ndani ya mabasi kuelekea Kasulu. Mganga mmoja alisimama akaomba saa isimamishwe. Tulikataa.

Kukataa huko ni sehemu ya somo. Wapo wawezeshaji wanaoona ni ukatili, na ninawaelewa, lakini mtu aliyezoea kuomba saa isimame atakuja kuiomba siku ambayo hakuna wa kuisimamisha.

Zoezi la pili tunalolirudia ni la utafutaji majini. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470, na mtu ambaye mtumbwi wake umepinduka usiku kati ya Kibirizi na Kagunga hatafutwi kwa kuangaza tochi. Ipo programu huria iitwayo OpenDrift, iliyotengenezwa na taasisi ya hali ya hewa ya Norwei, inayokadiria vitu vinavyoelea vitasukumwa wapi na upepo na mkondo. Haitoi nukta moja. Inatawanya maelfu ya chembe, kila moja ikiwa na bahati yake, na jinsi saa zinavyopita wingu la chembe hizo hutanuka. Mjumbe anayeona wingu hilo likipanuka huelewa gharama ya kuchelewa kutoa taarifa kwa namna ambayo sijawahi kuifikisha kwa maneno. Pia huelewa jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu: mtumbwi uliopinduka na mtu aliye majini havisukumwi sawasawa na upepo, hivyo kuukuta mtumbwi hakumaanishi kwamba watu wako karibu nao.

Katika zoezi hilo tuliwaalika wavuvi, na ninashauri kila anayepanga zoezi kama hili afanye hivyo. Awali tulikuwa tumeweka upepo mmoja kwa usiku na mchana. Mzee mmoja wa Katonga aliitazama skrini kwa muda, akasema, “Mwalimu, upepo wa usiku unatoka nchi kavu, wa mchana unatoka ziwani. Hiyo boti yenu haijui kama kumekucha.” Tulibadilisha kanuni ya upepo wakati washiriki wanakula chakula cha mchana, na eneo la kutafutia likahama kwa kiasi cha kutosha kuipeleka boti ya uokoaji upande mwingine. Ujuzi wa namna hiyo haumo katika faili lolote unaloweza kulipakua, nao ndio uliofanya programu ianze kufanana na ziwa letu.

Hili linanileta kwenye malalamiko yangu juu ya programu zinazouzwa zikiwa tayari. Niliwahi kuoneshwa moja, nzuri kwa macho, yenye moshi unaofuka na majeruhi wanaolia. Kila mtaa ndani yake ulikuwa na namba za nyumba na bomba la zimamoto, magari ya wagonjwa yalifika kwa dakika chache, na waokoaji wenye sare ndio walikuwa wa kwanza kufika kila mara. Nani amewahi kuona hayo kwetu? Ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliotangulia kuwafikia watu 43 waliokuwamo ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walipoteza maisha, na waliookolewa wengi waliokolewa na watu ambao hawakuwamo katika mpango wowote ulioandikwa. Programu isiyo na wavuvi ndani yake inamfundisha ofisa wa Kigoma kuwasubiri watu wasiokuwepo na kuwafukuza waliopo. Ndiyo maana katika mazoezi yetu boti za wavuvi huonekana kwenye skrini zenyewe, bila kuitwa, na kazi ya kamati ni kuamua itazungumza nazo vipi.

Kuhusu picha, msimamo wangu unajulikana kwa wenzangu na hawaupendi wote. Sioni haja ya miwani ya uhalisia pepe, ile ya kompyuta inayomfanya mtu ajione yuko ndani ya tukio, kwa wajumbe wa kamati. Askari wa zimamoto anayejifunza kuingia ndani ya moshi ananufaika nayo, kwa sababu kazi yake iko kwenye macho na mikono. Mjumbe wa kamati hakai kwenye moshi; anakaa ofisini, anapokea simu tatu zinazopingana, betri inaisha, na mkubwa wake anataka taarifa ya kupeleka mbele. Uhalisia wake ni huo. Kwa hiyo programu yetu ya kutuma taarifa huchelewesha baadhi ya ujumbe, hurudia mwingine mara mbili, na hutoa idadi ya waathirika inayobadilika kila saa, kama ilivyo kwa taarifa za kweli. Vijiji vya pwani ambavyo mtandao wa simu hukatika tumevikata pia, na mshiriki anayetaka kujua hali ya huko lazima amtume mtu na asubiri muda ambao boti hutumia kwenda na kurudi.

Baada ya zoezi hufuata tathmini, na ningependa ichukue muda mrefu kama zoezi lenyewe, ingawa mara nyingi washiriki wanataka kuwahi usafiri. Programu huhifadhi kumbukumbu ya kila uamuzi na saa yake, hivyo mabishano ya nani alisema nini hayachukui nafasi. Ila kumbukumbu peke yake haitoshi. Julai 2004 maofisa wa Louisiana, Marekani, walifanya zoezi lililoitwa Kimbunga Pam, wakitumia uigaji wa kompyuta kuona New Orleans ikifurika. Zoezi lilionesha maji yakipita juu ya kingo na wakazi wengi wakibaki mjini. Mwaka uliofuata, Agosti 2005, kimbunga cha kweli, Katrina, kilikuja kabla kazi ya kukamilisha mipango iliyotokana na zoezi hilo haijaisha. Tangu nilipousoma mkasa huo, tathmini zetu hazifungwi mpaka kila pengo lililoonekana liandikiwe jina la ofisi inayolishughulikia na tarehe ya kuulizwa.

Zoezi tunaloliandaa sasa ni la kupanda kwa maji ya ziwa, ambalo wakazi wa Kibirizi na Katonga hawahitaji kuelezwa, kwa kuwa miaka ya karibuni wameona nyumba na njia zikimezwa. Tunatumia QGIS, programu ya kutengeneza ramani, pamoja na InaSAFE, ambayo hulinganisha ramani ya mafuriko na ramani ya watu na majengo na kutoa makadirio ya watakaohitaji kuhamishwa. Tatizo liko kwenye mwinuko wa ardhi. Takwimu za bure tulizoanza nazo zilipimwa kutoka chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, na kosa lake kwa kwenda juu au chini linaweza kufika mita kadhaa, wakati sisi tunashughulika na ziwa ambalo mita moja tu ya ziada inahamisha mtaa. Ramani ya kwanza iliyotoka ilionesha soko likiwa salama na mlima ukiwa na maji.

Tumeamua kuupima mstari wa maji kwa miguu, tukiongozana na wenyeviti wa mitaa na wenye nyumba, ambao wanaonesha kwenye kuta zao maji yalifika wapi mwaka gani. Alama hizo zinaingizwa kwenye ramani kwa simu yenye GPS, ambayo kwa mahali inatosha ingawa kwa urefu haiaminiki, na urefu tunaupima kwa kamba na levo ya fundi kutoka kwenye maji ya siku hiyo. Kazi inakwenda polepole na Kibirizi bado haijaisha. Tukimaliza huko tutahamia Katonga kabla ya mvua za msimu.