Mashimo ya Siku ya Mashujaa

Watu wengi wa Chang'ombe, hapa Dodoma, walimjua kama Kocha tu. Vijana waliokulia mikononi mwake hawakujua kwamba aliwahi kuwa askari, kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa kijiweni na kusimulia vita. Ukimuuliza habari za 1978 alikujibu kwa kukuuliza daftari lako la hesabu liko wapi. Nilianza kucheza chini yake nikiwa darasa la tatu, nikawa beki wake wa kushoto, na nilipomaliza shule nikabaki kuwa msaidizi wake. Katika miaka yote hiyo nilimwona akiwa askari siku moja tu, nayo ni Jumatatu ya Julai 25, 2016.

Mwaka ule maadhimisho ya kitaifa ya Siku ya Mashujaa yaliletwa kwetu, pale Uwanja wa Mashujaa. Jumapili jioni Kocha alinitumia mtoto kuniita. Nilimkuta uani ananyoosha suti yake kwa pasi ya mkaa. Mama Kocha alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mlenda, wala hakuhangaika kumpokea ile pasi, maana nyumba ile ilikwenda hivyo. Jezi za timu alizifua yeye mwenyewe kila wiki, akisema mke wake aliolewa na mwanamume mmoja, hakuolewa na timu nzima. Binti zake walikua wakijua kwamba uji wa asubuhi unapikwa na baba. Sisi watoto wa jirani tulishangaa, kisha tukazoea, na leo najua wanaume kadhaa mtaani kwetu wanaopika uji bila aibu kwa sababu walimwona yeye.

"Kesho utanisindikiza, mwanangu," aliniambia. "Vaa viatu vya kufunga."

Asubuhi alitoka na medali kifuani upande wa kushoto. Upepo wa Julai ulikuwa mkali, vumbi linapanda hadi machoni, naye amenyooka tu. Tulikaa pamoja na wazee wenzake, wengine na mikongojo, wengine wakisalimiana kwa mbukwenyi, salamu ya Kigogo, na kucheka kwa sauti kama vijana. Gwaride likaingia. Buruji ilipolia, wote wakanyamaza. Rais Magufuli akaweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi akaweka sime. Likaja shoka, linalowekwa kwa niaba ya wazee waliopigana. Hapo Kocha alibana mikono mapajani, midomo ikamtembea. Nilidhani anasali. Baadaye aliniambia alikuwa anawataja majina wenzake waliolala Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya askari wetu wa Vita ya Kagera.

Halafu ikaja hotuba ya Rais, na ndani yake maneno ambayo kila mtu wa Dodoma anayakumbuka: kwamba serikali yote itahamia hapa kabla muda wake wa uongozi haujaisha. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Uamuzi wa kuufanya mji wetu makao makuu ulikuwepo tangu 1973, baba zetu wameusikia hadi wakazoea, lakini siku ile ilionekana kweli mtu amekusudia. Nami nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Kocha alikuwa amekaa, ameniinamia sikioni.

"Uwanja wetu una karatasi yoyote?"

Nikamwambia sijui.

"Basi hauna," akasema.

Kwenye bajaji wakati wa kurudi ndipo kwa mara ya kwanza alinisimulia. Alikuwa kijana wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, wakati Idi Amin, mtawala wa Uganda, alipodai kwamba mpaka wa Uganda ni Mto Kagera, na kila kilichokuwa kaskazini ya mto, mashamba, ng'ombe na watu, ni chake. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi yake yakaingia, na daraja la Kyaka likavunjwa. Kocha alimsikiliza Mwalimu redioni akisema uwezo upo, sababu ipo na nia ipo, na haikupita muda akawa stesheni ya Dodoma anapanda treni ya Mwanza, kisha meli ya kuvuka ziwa hadi Bukoba. Kutoka hapo, alisema, walitembea. Masaka, Lukaya, mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979.

"Watu wanadhani vita ni risasi. Vita ni kutembea na kuchimba. Na ujue, mwanangu, anayetaka ardhi yako huanza kwa kusema haina mwenyewe."

Saa kumi watoto walifika mazoezini wakiwa tayari na njumu zao, wengine peku. Kocha alikuwa amebadilisha nguo, yuko kwenye traksuti yake ya buluu, lakini sauti haikuwa ile ya kila siku. Aliwapanga mistari, akaita majina kutoka kwenye kaunta buku lake, kisha akawaambia waende nyumbani waje na jembe, sururu, chepeo, chochote chenye ncha. Alitembea pembeni mwa uwanja kwa hatua za kipimo, na kila baada ya hatua nane alisimama ili niweke jiwe.

Anayeijua ardhi ya Dodoma mwezi wa saba anajua tulichokikabili. Mvua ya mwisho tulishaisahau, udongo ulirudisha jembe juu. Kocha akaonyesha namna: mwaga maji kidogo, acha yanywe, mmoja avunje kwa sururu, mwenzake azoe udongo, na mpokezane kabla hamjachoka, si baada ya kuchoka. Ndivyo walivyochimba mahandaki, alisema, na anayesubiri kuchoka ndiye anayemchelewesha mwenzake.

Mtoto mmoja, kipa wetu, akauliza kwa nini tunapanda miti wakati wa kiangazi.

"Leo hatupandi. Leo tunachimba. Tutaweka samadi ya mbuzi, mvua ya Desemba ije itukute tuko tayari. Na mpimaji akija na fimbo zake, akute mstari wa miarobaini, aulize nani kaupanda. Hapo ndipo mtasema."

Mwenyekiti wa mtaa alipita akasimama kutazama. Kocha hakumwacha aondoke hivi hivi. Alimwomba suala la uwanja liingie kwenye ajenda ya mkutano ujao na liandikwe kwenye muhtasari kwamba pale ni eneo la wazi la michezo. Liliandikwa.

Jua lilipoanza kuzama Mama Kocha alikuja na binti zake, ndoo ya uji wa uwele na vikombe vya plastiki. Viganja vya watoto vilikuwa na malengelenge, nao walionyeshana kwa fahari. Kocha alikaa ukingoni mwa shimo akawasimulia habari za rafiki yake wa Mpwapwa, aliyekuwa kipa wa timu ya kikosi na aliyeuawa Lukaya. Mtoto mmoja alitaka kujua kama walikuwa wameahidiana kuanzisha timu. Kocha akasema hapana, hawakuahidiana kitu. Yeye alirudi 1979 akiwa na miguu yake miwili, nchi ikiwa imeambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18, sabuni haipatikani, akaona watoto wanacheza mpira wa matambara hakuna anayewatazama. Akaanza kuwatazama.

Makocha husifiwa kwa idadi ya wachezaji waliowapeleka Ligi Kuu. Wa kwetu hakupeleka hata mmoja, na sioni kasoro katika hilo. Kaunta buku lake lilikuwa na safu ya shule, safu ya homa na safu ya nani hajala, na ndizo alizozisoma kwanza.

Miarobaini ilipandwa mvua zilipoanza. Mingine ilikufa, mingine ililiwa na mbuzi, tukarudishia na kuizungushia miiba. Wakati huo Waziri Mkuu alikuwa amekwishahamia, na viwanja vinapimwa kila upande. Wapimaji walipofika kwetu walikuta mstari na muhtasari, na bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, zikawekwa nje ya miti.

Kocha alifariki miaka michache baadaye, nasi tuliocheza kwake tukalibeba jeneza kwa kupokezana. Timu sasa anaifundisha binti yake wa pili, wavulana na wasichana pamoja, na mama yake bado anapika uji siku za mechi. Juzi amenipigia simu: upande wa mashariki miti miwili imekauka, kwa hiyo Jumamosi nifike mapema na sururu.