Saa ya kuzamia: dogo kaniuliza, nikaona niandike kabisa

Juzi dogo, mtoto wa mamkubwa, kanitumia picha tatu WhatsApp, saa tatu za kuzamia, Suunto D5, Garmin Descent G1 na Cressi Goa, afu chini kaandika "kaka nichukue ipi hapa, mana pesa inaniwasha". Dogo ndo kamaliza Advanced, ile kozi ya pili ya kuzamia, huku Nungwi, tipu za msimu mzima kazibana, na anataka aingie kwenye udaivumasta, yaani kazi ya kuongoza wazamiaji. Nikaanza kumjibu kwa voisi, voisi ikafika dakika tisa, nikajisikiliza mwenyewe nikaifuta. Bora niandike, na nyie wengine mnaoniulizaga kila siku msome humuhumu.

Kwa wasiojua, hii siyo saa ya urembo (ingawa nusu ya wanaozivaa hawajawahi kupita mita tano). Inapima kina na muda wakati wote uko chini, inakadiria naitrojeni iliyoingia mwilini, inakwambia zimebaki dakika ngapi kabla hujaingia deko, yaani ile hali ambayo huruhusiwi tena kupanda moja kwa moja mpaka juu, lazima usimame njiani. Kwenye kozi tulifundishwa majedwali, na jedwali lina roho mbaya yake, ukigusa mita 22 hata dakika mbili tu linakuhesabia kama daivu nzima ulikaa 22, unapewa dakika 37 basi. Wakati pale Mnemba nani anadaivu hivo? Unashuka 22, unaangalia kasa, unapanda taratibu na mwamba mpaka 12, unamalizia kwenye 8 huko kwenye matumbawe na jua lake. Kompyuta inahesabu hivohivo ulivyokwenda, ndo mana unatoka na dakika 50 na ushee na uko salama.

Sasa kosa langu. Saa yangu ya kwanza niliinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, bei ya kutupa, mi nikajiona mjanja. Nzuri kweli, skrini ya rangi, ukipanda haraka inatetemeka mkononi. Chaja yake ni klipu ya pini nne, ya kwake peke yake, haiingiliani na kitu kingine chochote. Mwezi wa pili pini moja ikaota ukoko wa kijani, mana klipu nilikuwa naitupia kwenye mfuko mmoja na maski, chumvi ikaila. Nikazunguka Darajani duka kwa duka, nikamtuma mtu Kariakoo, kila fundi anaishika, anaigeuzageuza, anasema hii bro sijawahi kuiona. Wiki saba saa iko kwenye droo kama bangili ya bibi, mi nadaivu na kompyuta ya kuazima ya ofisini, mpaka mgeni mmoja akaniletea klipu kwenye begi lake kutoka Ujerumani.

Kwahiyo siku hizi swali langu la kwanza siyo rangi wala GPS. Ni hili, ikizima leo usiku na boti inaondoka kesho saa mbili asubuhi, nani ataiwasha? Ile Goa inatumia betri ya duara, CR2430, unaiweka mbili tatu kwenye boksi lako umemaliza. D5 na G1 ni za kuchaji, siyo mbaya, ila nunua na kebo ya pili siku hiyohiyo, usiseme ntanunua baadae. Na umeme wa kwetu mnaujua, tuliokuwepo Unguja Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima giza, hatuhitaji kuelezwa mtu anavyotafuta pa kuchajia. Lakini na betri za duara nazo zina mtego wake. Rafiki yangu alimpelekea fundi saa ambadilishie betri, fundi kafunga vizuri tu, kumbe kuna unywele umelala juu ya ile oringi, pete ya mpira inayozuia maji yasiingie. Unywele mmoja! Mita 12 akaona ukungu ndani ya kioo, mita 15 namba zikaanza kuyeyuka. Oringi ipanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ipake silikoni kidogo, iangalie kwenye mwanga, na ikiwezekana badilisha mpya, ni bei ya soda.

La pili ni macho. Dukani kila skrini inasomeka bwana. Nenda Leven Bank, ule mwamba wa baharini kati ya Unguja na Pemba, siku ya maji bamvua, mkono mmoja umeshika mwamba mkondo unakuvuta kama bendera, maski ina ukungu, ndo uniambie zile namba ndogo za kona ya kulia zinasemaje. Mimi nina miaka 44 na vitu vya karibu nimeanza kutoviona vizuri, kwenye menyu ya hoteli nanyoosha mkono. Jaribio langu ni rahisi, ivae, nyoosha mkono, zima taa za chumba, soma kina na dakika zilizobaki kwa jicho moja la haraka. Ukilazimika kuitafuta namba, hiyo saa siyo yako. Hapa ndo G1 ilinipotezea raha kidogo, jua kali inasomeka vizuri sana, ila skrini yenyewe ndogo. D5 namba zake ni nzuri. Skrini ya Goa haina rangi, namba zake nene za kizamani, mi sioni tatizo.

Vitufe pia, vibonyeze ukiwa umevaa glavu. Na usidanganywe na skrini za kugusa, chini ya maji kidole chako hakina kazi.

Afu algorithimu, yaani ile hesabu iliyomo ndani. Watu wanaipita hii kwa sababu haionekani kwenye picha. Garmin na Shearwater wanatumia hesabu ya Bühlmann, yule daktari wa Zürich. Goa ya Cressi iko kwenye RGBM, hesabu nyingine, na Suunto nao kwa miaka mingi walikuwa hukohuko, na RGBM ya Suunto hasa inajulikana kwa uoga kwenye daivu ya pili na ya tatu. Siyo kwamba moja ni mbovu. Ila niliwahi kumpeleka mzee mmoja Mfaransa, daivu ya pili, tuko mita 16, namuuliza kwa mkono zimebaki ngapi ananionesha nne. Natazama yangu, 13. Mzee kaiona yangu, akaanza kuigonga kioo na kidole, akimaanisha tufuate hii ya kwako! Nikamkatalia kwa kichwa, tukapanda kwa yake, mana ya kwangu haijui chochote kuhusu damu yake. Ndani ya boti hakuniongelesha mpaka tunafika ufukweni, alikuja kucheka jioni. Kwahiyo dogo, ukiwa na badi wako, yaani mwenzako wa kuzamia wa kila siku, uliza anavaa nini, mkifanana hesabu hamtagombana sana. Na usije ukamuazima mtu saa yako kati ya daivu ya asubuhi na ya mchana, ile saa inabeba naitrojeni ya aliyeivaa asubuhi.

Mkanda nao, nani anaongeleaga mkanda? Unaubana juu ya wetsuti ukiwa kwenye boti, unakaa. Ukifika mita 20 mpira wa wetsuti umeminywa na maji umekuwa mwembamba, saa inazunguka inaenda chini ya mkono, unaitafuta kama funguo gizani. Badilisha weka mkanda wa kuvutika, au ubane tundu moja zaidi ukishafika chini.

Kuona presha ya mtungi kwenye saa kwa transmita ni raha, ila ni pesa nyingine, na geji unabaki nayo tu. Naitroksi, ile hewa iliyoongezwa oksijeni, kwa sasa zote zinapiga. Simu, meseji, hatua ulizotembea, hayo ni ya mjini.

Mwenyewe saa hizi navaa Shearwater Teric ya mkono wa pili, inachaji bila waya, haina pini ya kuliwa na chumvi, na ikiwa mpya inapita dola 1,000 kwahiyo msinitolee macho. Mfukoni kwenye BCD, lile jaketi la kuelea, kuna Leonardo ya Cressi ya akiba, nzito, mbaya, betri yake unafungua kwa sarafu.

Nikamwandikia dogo: chukua Goa, chenji nunua boya la kujionesha na filimbi, Leven Bank boti ikikupoteza hakuna saa itakayokuita. G1 utaivaa ukishakuwa masta.

Akajibu hapohapo: "Sawa kaka nimekuelewa. Goa inakuja na ya bluu?"