Chumvi iliyogoma kuyeyuka
Jana usiku mdogo wangu wa kidato cha pili aliniuliza mmumunyo ulioshiba ni nini. Badala ya kumsomea daftari nikamwita jikoni. Tukapima gramu 100 za maji kwenye mizani ya keki, tukaanza kutia chumvi kidogo kidogo. Tulipopita gramu 36 hivi, punje zikabaki chini ya glasi, zinazunguka tu kila tukikoroga. Maji yameshiba. Napenda sana neno hilo, halihitaji maelezo.

"Tuchemshe, kaka, itayeyuka." Hata mimi niliamini hivyo miaka yote! Kumbe maji hayo hayo yakichemka hupokea kama gramu 39 tu. Anayependa joto ni sukari: maji ya kawaida hubeba kama gramu 200, yakichemka yanakaribia 490. Ndiyo maana shira ya kaimati ikizidi uzito, ikipoa inafanya chembechembe pembeni mwa sufuria.

Leo jioni nimekuta sahani ya maji yetu ya chumvi dirishani. Ukingoni pamekauka, vijiwe vidogo vya mraba vinang'aa. Ameshavihesabu: 14.