Oili ya Silinda za Chini

Mzee tulimzika Jumamosi, na familia ilitaka ndege yake ya Harvard iungurume siku hiyohiyo, waombolezaji wakirudi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kunywa chai. Tulikataa. Ndege ilikuwa imekaa bandani tangu alipolazwa hospitali, miezi kadhaa bila propela kuguswa, na yeye mwenyewe angetufukuza tukijaribu.

Injini ni Pratt & Whitney R-1340: silinda tisa zilizopangwa kuzunguka krenki (mhimili unaozungusha propela), nguvu farasi 600. Ikisimama muda mrefu, oili huchuruzika kupita ringi za pistoni na kukusanyika kwenye silinda za chini, hasa namba 5 na 6. Oili haishindiliki kama hewa. Ukibonyeza stata, pistoni inasukumwa kushindilia, inagonga oili, konrodi (fimbo inayoiunganisha na krenki) inapinda. Ubaya ni kwamba mara nyingi haikatiki palepale. Injini inawaka vizuri, halafu konrodi inakatika siku nyingine rubani akiwa juu ya vilima vya Ngong.

Kwa hiyo shughuli ilifanyika Jumatatu. Magneto, zinazozalisha cheche za plagi, zilizimwa, vizuizi vikawekwa magurudumuni, kisha plagi za silinda za chini zikachomolewa. Namba 6 ilimwaga oili nyeusi ya kujaza kikombe cha chai. Kijana wa marehemu ndiye aliyeshika beseni.

“Na tungewasha Jumamosi?”

“Tungekuwa na matanga mawili,” fundi mkuu akamjibu.

Propela huzungushwa kwa mkono, upande wake wa kawaida tu. Kwa Harvard yenye mapanga mawili, panga nne zikipita ni mizunguko miwili ya krenki, na kila silinda imeshapita zamu yake ya kushindilia. Ikikwama, acha, chomoa plagi. Anayeirudisha nyuma anasukuma oili hadi kwenye bomba la kuingizia hewa. Inakaa humo na kufyonzwa tena injini ikiwaka.

Plagi zilisafishwa, zikarudishwa. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo petroli ya kuamshia hupunguzwa, la sivyo injini inafurika. Iliwaka kwa moshi wa buluu mzito. Presha ya oili isipopanda ndani ya sekunde 30, unazima bila kujadiliana. Yetu ilipanda.

Tuliiacha kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika. Ule mlio wake mkali wa kuruka hatukuutafuta. Unatokana na propela kufungwa moja kwa moja kwenye krenki bila gia, ncha zake zikikaribia kasi ya sauti. Wazee wa Nyandarua wanaujua: Harvard za kikosi namba 1340 cha Waingereza (namba sawa na ya injini, sadfa tu) ziliangusha mabomu misituni kati ya 1953 na 1955, wakati wa vita vya Mau Mau. Mzee hakuruhusu mgeni aondoke bandani bila kuambiwa hilo.

Baada ya kuzima, chujio la oili lilikaguliwa: hakuna chembe za chuma. Silinda zikapulizwa oili ya kuzuia kutu, zikafungwa plagi zenye silika, ambazo zikigeuka kutoka buluu kuwa waridi zimeshiba unyevu na hubadilishwa. Mnunuzi wa kwanza alipiga simu kabla ya arobaini kwisha, akiuliza kama inaweza kuruka wiki hiyo. Aliambiwa aje kwanza na fundi wake, na beseni.