Boya

Jana binti yangu alikuwa akitafuta msumari kwenye kopo la vikorokoro. Akaibuka na kitu cha shaba, chepesi, kinachoenea kiganjani. Akakipeleka sikioni akakitikisa. "Mama, hii ni nini? Mbona ndani hamna kitu?"

Nilichelewa kumjibu. Mtu wa kwanza niliyemwona akikitikisa vile vile sikioni alikuwa babu yake.

Siku zile gari lilikuwa linabugia petroli. Asubuhi linawaka mara moja, bila hata kuvuta choki, nami nikawa nalisifu kwa hilo. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa dalili: injini baridi huhitaji petroli ya ziada, na kazi ya choki ni kuipa. Ikiwaka kirahisi bila choki, huenda ziada hiyo inaipata kwingine. Likishapata moto linaanza kumisi, yaani silinda moja moja haziwaki, linatetemeka kwenye mataa, moshi mweusi nyuma, na harufu ya petroli inanifuata hadi ofisini. Nilibadilisha plagi mara mbili. Nikaweka chujio jipya la hewa. Skrubu ya sailensa, ile ya kurekebisha mngurumo gari likiwa limesimama, iliyo kwenye kabureta inayochanganya petroli na hewa, niliifunga na kuifungua hadi mdomo wake ukaanza kulika.

Mzee alikuja Jumamosi, akanikuta nimeishika bisibisi.

"Iache hiyo, mwanangu. Plagi umeziuliza?"

Tukazifungua zote nne akazipanga juu ya gazeti, kwa namba zake, asitake hata moja ichanganyike. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya udongo uliokauka. Zangu zilikuwa nyeusi tititi, masizi makavu yanayoshika kidole. Ya tatu ilikuwa nyeusi na imelowa petroli juu yake. Mzee akaziangalia kwa muda mrefu. Ingekuwa nyeusi moja tu, alisema, tungetafuta ubaya kwenye silinda hiyo. Zikiwa nyeusi zote, tafuta kitu wanachokula wote, yaani kabureta. Lakini ile iliyolowa ina ugonjwa wake wa pili: petroli inafika, moto haufiki.

Hapo ndipo alipofungua kabureta. Alitoa kifuniko polepole ili gasketi isichanike, akachomoa kipini chembamba, akalinyanyua boya kwa vidole viwili. Kazi ya boya ni kuelea. Petroli ikijaa kwenye bakuli, boya linapanda na kusukuma sindano izibe njia. Mzee akalifuta kwa shati lake, akalipeleka sikioni, akafumba macho. Akalitikisa mara moja. Kisha akanishika bega akaniwekea sikioni mimi.

Nilisikia petroli ikicheza ndani. Sauti ndogo sana, kama maji kwenye dafu lililobakiwa na funda moja. Miezi yote ile ya kubadilisha hiki na kile, jibu lilikuwa limejificha ndani ya kitu ambacho sikuwahi kukishika. Boya lilikuwa limetoboka, limekunywa, limekuwa zito, halipandi tena inavyotakiwa. Petroli ikawa inafurika hata ningefunga skrubu ile hadi mwisho.

Akaomba maji ya moto kwenye bakuli, mbali kabisa na jiko. Akalizamisha. Povu likaanza kutoka kwenye mshono, moja moja, kama uzi wa shanga. Akapaweka alama kwa msumari. Alitoboa tundu la pili upande wa pili, petroli yote ikamwagika, akaliacha juani hadi harufu ikaisha kabisa ndipo akaziba matundu yote mawili kwa risasi, tone dogo dogo, kwa sababu risasi nyingi ingelifanya zito tena.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Moshi uliisha, kumisi kukabaki. Giza lilipoingia Mzee akafungua boneti, akazima taa zote, akaniambia niwashe. Waya wa plagi ya tatu ulikuwa na ufa, na cheche za buluu zilikuwa zinaruka kutoka hapo hadi kwenye chuma cha injini. Mchana usingeziona. Tulibadilisha waya, gari likatulia.

Kitu kimoja hatukukubaliana. Mimi nilisema boya ndilo lililoanza, na waya ulichakaa kwa wakati wake. Yeye akasema huenda waya ulitangulia, maana petroli isiyopata moto hutoka mbichi nyuma na kunuka vile vile. Na masizi yakishatanda kwenye plagi, umeme hupita juu yake badala ya kuruka. Kila ubaya ulikuwa unauficha mwenzake. Tulibishana habari hiyo miaka, hata alipokuwa kitandani. Sasa nimebaki na upande mmoja tu wa ubishi, na siku nyingine najikuta nautetea upande wake.

Boya jipya lilipopatikana, hili nililitupia kwenye kopo.

Nilipomaliza kumsimulia, binti yangu aliomba maji ya moto. Tulilizamisha, tukaliangalia kwa dakika nzima, vichwa vimegusana. Matone mawili ya risasi yalionekana wazi chini ya maji. Hakuna povu lililotoka.