Siku Moja Maishani Mwangu: Mhandisi wa Data za Uwekezaji, Kisumu

Saa kumi na mbili asubuhi. Chai bado iko jikoni. Kazi za usiku, yaani programu zinazojiendesha kupakua faili za bei, zote zinasema zimekamilika, lakini neno hilo halinitoshi: nahesabu mistari. Faili ikileta hisa 31 ilhali jana zilikuwa 58, ilikatika ikipakuliwa na programu ikameza nusu bila kulalamika. Halafu natafuta bei zenye tarehe ya Jumapili. Zikiwepo, kuna mahali saa zimegeuzwa kuwa za ulimwengu, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Saa sita usiku ya kuamkia Jumatatu imekuwa saa tatu usiku, Jumapili.

Saa mbili na nusu. Kikao cha simu na wenzangu wa Nairobi. Dakika 15, zikizidi ni porojo.

Saa tatu na nusu Soko la Hisa la Nairobi linafunguliwa. Mimi nasubiri bei za kufunga, kwa hiyo asubuhi yote naipa hesabu zinazokosewa kimyakimya.

Mfano ni hisa za bonasi, yaani za bure kwa wenye hisa. Kampuni ikitoa hisa 1 mpya kwa kila 5, bei ya shilingi 60 inatarajiwa kushuka hadi 50, na hakuna aliyepoteza kitu. Usiporekebisha, grafu inaonyesha hasara ya karibu 17%. Bei za zamani huzidishwa kwa 5/6, yaani 0.8333. Lakini usifute bei halisi! Iache kwenye safu yake, kizidisho (hiyo 0.8333) kikae safu nyingine, maana tangazo la kampuni likirekebishwa utahitaji kurudi nyuma.

Mfano wa pili ni hati fungani za Serikali ya Kenya, yaani mikopo ambayo wawekezaji huipa serikali. Riba hulipwa kila siku 182, kwa hiyo mwaka wake ni siku 364. Programu za nje hupenda 365. Kwa hati za shilingi milioni 100 zenye riba ya 13%, riba ya siku 100 inapungua kwa takriban shilingi 9,785. Haionekani kwa macho, ila mkaguzi ataiona.

Saa saba, ugali na mbuta.

Saa tisa soko linafungwa, faili zinaanza kuingia. Bei iliyosogea zaidi ya 10% naizuia kwanza, kwa kuwa soko lenyewe kwa kawaida haliruhusu mruko huo kwa siku moja. Faili ikitumwa tena, mistari ya tarehe hiyo hufutwa kabla ya mipya kuandikwa. Bila hivyo, hisa 1,000,000 za shilingi 20 zinahesabiwa mara mbili, na milioni 20 inasomeka 40.

Saa kumi na nusu New York inafungua. Miezi ya baridi ni saa kumi na moja na nusu, kwa sababu Wamarekani hurudisha saa zao nyuma nasi hatubadilishi. Ratiba ya faili zao naiandika kwa saa za New York. Tangu Mei 2024 mauzo yao hulipwa siku moja baada ya biashara, hivyo faili ya leo haiwezi kungoja kesho kutwa.

Saa kumi na mbili jioni nawasha kazi za usiku. Stima ikipotea hapa Milimani, seva haziko kwangu. Nachaji modemu tu.