Amekojoa?

Nilipopokea zamu ya usiku, mwenzangu aliniambia kwa ufupi: "Kitanda cha tatu mkojo umekata." Alikuwa kijana dereva wa bajaji, kilo 60, ametoka kupasuliwa baada ya kidole tumbo kupasuka na usaha kusambaa tumboni. Presha ilikuwa imetulia kwa noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, lakini kwa saa sita mfuko wa mkojo ulikuwa umepata mililita 40, mkojo mzito wa kahawia. Mwenye uzito ule tunatarajia apate angalau mililita 30 kila saa.

"Sista, mchome Lasix," alisema daktari kijana aliyekuwa zamu, akimaanisha dawa ya kukojosha. Miaka ile ndivyo tulivyozoea wengi wetu: mkojo ukikata, mkono unakwenda kwenye ampuli.

Nikamwomba tuangalie mpira wa mkojo kwanza. Niliusukumia maji ya chumvi kwa bomba la sindano, yakaingia na kurudi bila shida. Haukuwa umeziba. Kisha akaja daktari bingwa na mashine ya ultrasaundi, akatazama moyo na mshipa mkubwa wa tumboni. Mshipa ulikuwa umejaa, miguu ukiibonyeza inabaki shimo, na mapafu yalishaanza kukoroma kwa chini. Dripu alizopata wodini na chumba cha upasuaji zilitosha na kuzidi. Kama angekuwa mkavu, Lasix isingeguswa kabisa. Ingemkausha zaidi na kuzinyima figo damu.

"Haya, sasa mpeni," bingwa akasema. "Lakini simpi ili figo zipone. Nataka zinijibu."

Alitueleza hapo hapo kitandani. Lasix haifanyi kazi ikiwa kwenye damu tu. Seli za mirija ya figo lazima ziichukue na kuisukuma ndani ya mrija, ndipo ifike kwenye mlango wa chumvi na kuufunga. Chumvi ikikosa kurudi mwilini, maji nayo yanaifuata nje. Seli zikiwa zimeumia vibaya, dawa haifiki. Kwa hiyo dozi moja ya Lasix inaweza kuwa kipimo cha figo. Kipimo hicho kilichapishwa mwaka 2013, kwa wagonjwa 77 tu: miligramu 1 kwa kila kilo kwa ambaye hajawahi kuipata karibuni, 1.5 kwa aliyekwisha kuipata, kisha unangoja saa mbili. Ikitoka chini ya mililita 200, uwezekano ni mkubwa kwamba figo zitaendelea kuzorota.

Nilivuta ampuli tatu za miligramu 20 na kuzisukuma polepole, maana dozi kubwa ikiingia kwa kasi inaweza kuharibu masikio. Nikamwaga mfuko, nikaandika saa.

Saa ya kwanza zikatoka mililita 70, na mkojo ukaanza kung'aa. Mkojo mweupe unafurahisha macho kuliko majibu yoyote ya maabara, na mdogo wa mgonjwa alikuwa mlangoni.

"Shikamoo sista. Amekojoa?"

"Marahaba. Amekojoa kidogo."

"Alhamdulillah!" Akapiga simu Lindi kwa mama yake kabla sijamaliza sentensi.

Saa ya pili zikaja 45. Jumla 115.

"Tuongeze, tumpe miligramu 120," daktari kijana akashauri. Bingwa akakataa. Potasiamu ya damu ilikuwa juu, 6.2, na kreatinini, taka ambayo figo hutakiwa kuitoa, inapanda. Akasema tukimchoma usiku kucha mfuko utapata chochote, chati itapendeza, na asubuhi tutamkuta anazama kwa maji au moyo umesimama. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2012 nao unasema hivyo: dawa hizi ni za kupunguza maji yaliyozidi, hazitibu figo zilizoumia. Akaagiza muuguzi wa usafishaji damu aitwe kutoka nyumbani, yeye mwenyewe akaanza kuandaa mpira mnene wa shingoni wa kumuunganisha na mashine.

Kibarua kikabaki kwangu mlangoni.

"Sista, si ulisema amekojoa?"

Nilimwambia ukweli: yanayotoka ni maji, lakini sumu na potasiamu zimebaki ndani, na hizo ndizo zinazoua. Alinyamaza, kisha akauliza mashine itagharimu kiasi gani. Nilimpeleka kwa ofisa ustawi wa jamii kulipokucha, wakati kaka yake ameshaunganishwa kwenye mashine.

Alisafishwa damu mara kadhaa. Wiki iliyofuata figo zilifunguka, na kwa kishindo: mkojo ukapita lita tatu kwa siku, kwa kuwa mirija inayopona huwa haijajua bado kurudisha maji na chumvi. Potasiamu sasa ikawa inashuka. Tukamtundikia dripu, tukawa tunapima damu asubuhi na jioni.

Mdogo wake akaingia saa ya kutazama wagonjwa, akaiona ile dripu, akaniangalia.

"Juzi mlisema amejaa maji. Leo mnamwongezea. Sista, amueni basi!"

Daktari kijana ndiye aliyecheka kwanza, kisha akavuta kiti na kuanza kumweleza.